Mguu Wenye Akili na Zuhura Iliyokula Muhogo

Wadogo zangu wa kidato cha kwanza na cha pili, pokeeni salamu za mstaafu.

Ndiyo, mstaafu. Nina miaka kumi na saba, nywele bado nyeusi na meno yote yapo, lakini utumishi wangu umekwisha. Miaka mitatu nimekuwa Mtunza Darubini wa shule hii, na sasa kidato cha nne tumetolewa kwenye klabu zote ili tukasomee mtihani. Kiinua mgongo nimelipwa: maandazi mawili, moja limeng'atwa. Sikuuliza nani kaling'ata. Sisi wazee tukistaafu hatupendi maneno.

Mwalimu Hyera, yule wa fizikia anayeongea polepole mpaka unamsaidia kumalizia sentensi, ameniagiza niwaandikie humu daftarini namna ya kuchagua mguu wa darubini na kuutumia. Amesema kurasa mbili, bila utani. Kurasa nitajitahidi.

Darubini yenyewe haijawahi kuwa tatizo. Lile bomba jeupe lenye kioo ndani nililikuta juu ya kabati la maabara, na kuku wa mlinzi alishatagia pembeni yake. Kilichokosekana ni mguu. Mwalimu Hyera alikuwa analiegemeza bomba kwenye kiti cha darasani, anahangaika mpaka anaupata mwezi, halafu anasema, "Haya, wa kwanza." Wa kwanza anaona. Wa pili anaona nusu. Wa tatu, ambaye siku zote ni mimi, anaona giza. Dunia inazunguka, wadogo zangu. Kwa macho matupu hamuoni, lakini kwenye lenzi nyota inakimbia kama imemwona mwalimu wa zamu.

Ndiyo maana kuna miguu ya kompyuta. Huo ni mguu wenye miguu mitatu, msiniulize kwa nini. Juu una mota mbili, moja ya kuzungusha bomba kushoto na kulia, nyingine ya kuliinua na kulishusha, pamoja na rimoti. Unauambia uko wapi, tarehe na saa. Kisha unauonyesha nyota moja au mbili unazozijua, ili nao ujue mbingu imekaaje. Baada ya hapo unaandika "Zohali", ile sayari yenye pete, na mguu unalia zzzz kama nyuki ndani ya debe, unakwenda wenyewe, na ukifika unaendelea kuifuata. Wa tatu naye anaona.

Twende dukani.

Mzee Abdalla ana duka karibu na soko la Mbinga. Anauza redio, sola na vioo vya simu. Babu yake alitoka pwani, na yeye akisema "karibu" unajisikia mgeni wa harusi. Alituagizia miguu mitatu kupitia mpwa wake aliyeko Dar, tuchague mmoja. Tulikwenda mimi, Mwalimu Hyera na Mzee Nombo, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, kwa sababu pesa yenyewe ilitoka kwenye kahawa ya shamba la shule. Tuliichuma wenyewe, na mikono yangu ilinata utomvu wiki nzima.

Mzee Nombo analima kahawa kule kwetu Matiri, na anapenda kitu kikubwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye mguu mnene wenye mawe ya chuma ya kusawazishia uzito.

"Huu ndio mguu," akasema. "Kitu kinashika ardhi."

"Ni mzuri sana, Mzee," Mwalimu Hyera akajibu. "Lakini sisi... tunata..."

"Tunataka wa kubebeka," nikamalizia.

"Skola, nani kakuuliza?"

"Samahani, Mzee. Basi tuupeleke tu mpaka pale kwa fundi viatu na kurudi. Kama darubini ni ya kutembeza vijijini, atakayeubeba ni mmoja wetu."

Mzee Nombo alivua koti, akainama, akaubeba. Alifika mlangoni. Hapo akasimama akajifanya anasoma tangazo la mbolea kwa muda mrefu kidogo kuliko urefu wa tangazo lenyewe.

Hicho ndicho kipimo cha kwanza: ubebe. Ubebe na bomba lake, boksi lake na betri yake, kwenye mlima, siyo kwenye sakafu ya duka. Mguu mzito unatulia kweli, upepo hauutikisi, lakini mguu uliobaki stoo kwa uzito haujawahi kumwonyesha mtu chochote.

Mguu wa pili ulikuwa wa bei rahisi kuliko yote. Mwalimu alishaanza kutabasamu, mpaka Mzee Abdalla alipoeleza kwamba hauna rimoti, unaongozwa kwa simu tu. Sasa, wadogo zangu, nani kati yenu ana simu hapa bweni? Inueni mikono, Mwalimu anaangalia. Naona hakuna. Hata mimi sina, na ile iliyokutwa ndani ya unga wa uji siyo yangu. Shule ambayo simu ni marufuku isinunue mguu unaosubiri simu. Kitu rahisi huwa ghali pale ambapo huwezi kukitumia.

Tukabaki na wa tatu, mdogo, wenye mkono mmoja unaolishika bomba ubavuni. Umeandikwa kubeba kilo tano, na bomba letu ni tatu na kidogo. Hapo msiwe wajanja. Ukiandikwa kilo tano usiupe tano. Mota zitachoka na picha itatetemeka kila ukigusa. Pikipiki nayo imeandikwa watu wawili, na tumeona ikibeba wanne na mbuzi, lakini hamkumwuliza pikipiki anajisikiaje.

Mwalimu aliushika ule mguu mdogo kwa mikono miwili. Mzee Abdalla alivaa miwani akawa anapitia orodha ya nyota kwenye rimoti, akicheka peke yake.

"Mwalimu, hawa wazungu wameandika Kiarabu bila kujua. Tazama hii, Fomalhaut. Hii ni famu lhuti. Kinywa cha samaki."

"Ipo kweli?" nikauliza.

"Ipo, mwanangu. Iko peke yake, haina jirani. Ukiiona huisahau."

Mzee Nombo hakuridhika. Alisema kitu kidogo vile kitatuaibisha. Mzee Abdalla, kwa uungwana wake, akasema tuuchukue kwa majaribio hadi Jumatatu, ukirudi bila mkwaruzo atarudisha fedha yote. Mzee Nombo akaishika hiyo Jumatatu kama kigingi.

"Sawa. Jumamosi kikao cha wazazi kiko Mbaha, ziwani. Nusu ya watoto wa bweni wanatoka kule. Waonyesheni wazazi hiyo Zohali yenu. Wakiiona, mguu ni wenu. Wasipoiona, Jumatatu unarudi dukani, na kahawa ya watoto itaezeka jiko la shule."

Mwalimu Hyera alikuwa bado ameushika ule mguu mdogo. Nilijua jiko linavuja. Na yeye alijua. Lakini nilijua pia kwamba ameliegemeza lile bomba kwenye kiti tangu kabla sijaja shule, akiwaonyesha watoto mwezi nusu nusu.

"Nakubali," akasema. Neno zima, bila msaada wangu.

Kabla sijawapeleka Mbaha, nimwage yale mengine, maana nikianza ya Mbaha sitarudi.

Ardhi. Sisi Wamatengo tumezaliwa milimani. Shamba limeinama, nyumba imeinama, hata kiwanja cha mpira timu moja inashambulia kwa kupanda. Mguu unataka kusimama sawa. Niliwahi kuusimamisha nyumbani Matiri katikati ya ngolo, yale mashimo yetu ya kilimo, mguu mmoja kwenye tuta na miwili shimoni. Kompyuta ikadhani dunia imepinduka. Sasa natumia chupa ya soda iliyojaa maji, limebaki povu moja tu: ilaze juu ya kitako cha mguu, povu likikaa katikati umemaliza. Upepo ukiwepo, ning'iniza mfuko wa mahindi chini, katikati ya miguu yote mitatu.

Rimoti. Mbinga haimo kwenye orodha ya miji. Andikeni namba za mahali, latitudo na longitudo, kwa mkono, na muhakikishe imeandikwa Kusini. Mara ya kwanza niliiacha Kaskazini, mguu ukainama ukawa unatafuta nyota chini ya sakafu ya maabara. Na saa yake inaanza kuhesabu usiku wa manane, kwa hiyo saa moja jioni kwake ni kumi na tisa.

Umeme. Betri ndogo za tochi huliwa kabla hujamaliza kusalimia watu. Chagueni mguu wenye tundu la betri ya nje. Mwaka huu tulipokwenda Namswea betri yetu ilikufa, nikaazima ya pikipiki ya kijana mmoja wa bodaboda. Tuliona mengi. Alipotaka kuondoka pikipiki haikuwaka, tukaisukuma mpaka barabara kuu, klabu nzima, na abiria wake mama mjamzito akitushangilia kutoka nyuma. Hilo lingekuwa funzo kubwa la utumishi wangu, kama isingekuwa Mbaha.

Haya. Mbaha.

Tulishuka na pikapu ya parokia, mguu nimeupakata kama mtoto wa kliniki. Jua lilikuwa linazama ng'ambo ya ziwa. Ulikuwa msimu wa kuchoma mashamba, kwa hiyo upande wa magharibi ulijaa moshi, lakini juu palikuwa peupe, na mwezi haukuwepo kabisa. Mwalimu aliichagua siku hiyo kwa sababu ya giza.

Uwanja wa kanisa uko juu kidogo ya ufuko. Wazazi walikwishafika, na wote walikuwa wamevaa kanga.

"Shikamooni," Mwalimu akasalimia.

"Marahaba, Mwalimu."

"Mbona akina mama watupu?" Mzee Nombo akauliza. "Akina baba wamesusa kikao?"

Alijibu Mama Kandida, mama wa rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja. "Giza hili, baba? Wako ziwani, wanafuata usipa, dagaa wetu. Mngekuja mbalamwezi mngewakuta wote, wamelala."

Niliyasikia hayo maneno kwa masikio yangu mawili, na hayakuniambia kitu. Mimi ni mtoto wa Matiri. Ziwa nilikuwa nimeliona mchana tu, kwa mbali, likimetameta kama bati jipya.

Mwalimu alikuwa anahutubia kikao. Mimi nikausimamisha mguu, nikaweka namba, Kusini, kumi na tisa na dakika zake. Rimoti ikaniuliza nitaanza na nyota ngapi. Mbili ndizo sahihi. Lakini kuna njia ya mkato, unaonyesha sayari moja tu, na harufu ya ubwabwa ilikuwa inanifikia. Nikachagua moja: Zuhura. Ndiyo inayong'aa kuliko zote, iko magharibi baada ya machweo, mtoto wa chekechea ataikuta.

Mguu ukalia zzzz, ukaelekea magharibi, ukasimama kwenye moshi. Hapakuwa na kitu. Nikaangalia chini kidogo. Pale, juu ya maji, peke yake, nyeupe, inang'aa! Nikaushusha mguu kwa vitufe vya mishale, nikailenga kwa kile kidude chenye nukta nyekundu, nikabonyeza enta. Sikuchungulia kwenye lenzi. Andikeni hilo. Sikuchungulia.

Nikaenda kula. Niliporudi niliona upande ule pameongezeka nyota kama kumi na tano, zote chini chini. Nikajisemea, Mbaha wana mbingu nzuri.

"Tayari?" Mwalimu akaninong'oneza.

"Tayari, Mwalimu."

Nikaandika Zohali. Mguu ukapanda kwa heshima, ukazunguka, ukatulia. Akina mama walipanga mstari, Mama Kandida mbele.

"Naona giza," akasema.

"Labda umefumba, mama," nikatania.

"Nimefumba lile lingine. Hili nimefumbua."

Akaja wa pili. Giza. Wa tatu, wa nne. Bibi mmoja aliangalia muda mrefu kwa adabu, akasema giza lenyewe ni zuri. Mwalimu aliandika Zohali upya mara tatu. Kila mara mguu ulikwenda palepale, kwa uhakika ule ule, ukatuonyesha hakuna kitu. Nilimwona anafuta jasho kwa chaki ya mfukoni akidhani ni leso.

"Nilisema," Mzee Nombo akatamka, na wala hakufurahi. "Nilisema mapema kitu kidogo."

Mwalimu Hyera aliweka kiganja juu ya ule mguu, kama unavyompima mtoto homa. "Huenda una kasoro," akasema taratibu. "Jumatatu... tutaurudisha."

Nilitaka kumsaidia hata kidogo. Nikasema, "Ngojeni, angalau muione Zuhura." Ilikuwa bado pale juu ya maji. Nikaurudisha mguu kwa mishale, nikaiweka kwenye nukta nyekundu, nikamwita Mama Kandida. Aliinama.

"Inacheza," akasema. "Inapanda na kushuka."

Mwalimu akanitazama. Sayari hazipandi na kushuka. Nilizungusha kifundo cha kusafisha picha.

"Ee, sasa inaonekana. Ina mtu."

"Ina nini?"

"Mtu. Kichwa chini, miguu juu. Amekaa karibu na karabai." Akabana jicho zaidi kwenye lenzi. "Ana kofia ya kijani... Yesu na Maria! Baba Kandida!"

Akina mama wote wakasogea.

"Anafanya nini?" mwenzake akauliza.

"Anakula muhogo." Aliendelea kuangalia, sauti ikipanda. "Anakula muhogo! Na siyo kipande, ni sufuria! Miaka yote hii akirudi asubuhi ananiambia, mama Kandida, sijatia kitu mdomoni tangu jana!"

Hapo kikao kilivunjika. Mstari uliopangwa kwa ajili ya Zohali ukapangwa upya kwa ajili ya waume. Kila mmoja alitaka mtumbwi wake. "Nipelekee taa ile ya kulia, mwanangu." "Wangu amelala, tazama, amelala!" Mama mmoja kijana aliangalia kimya, akatoka macho yamelowa, akasema hakujua kwamba ni mbali vile, na kwamba mtumbwi ni mdogo vile. Bwana wake alikuwa anavuta wavu peke yake.

Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Bomba linapindua kila kitu juu chini, ndiyo maana Baba Kandida alining'inia. Na Zuhura yangu ilikuwa karabai yake ya kuvutia usipa, alikuwa wa kwanza kuwasha; Zuhura ya kweli ilikuwa imemezwa na moshi. Mguu mdogo ulikuwa mzima kabisa. Niliuambia karabai ni Zuhura, ukaniamini, ukaipanga mbingu yote kwa kufuata mtumbwi.

"Mguu gani huu," Mzee Nombo akasema huku akicheka, "haujui nyota na karabai!"

Watu wakacheka. Hata Mwalimu alijaribu. Ningeweza kunyamaza, wadogo zangu. Wote walikuwa wamefurahi, na aliyelaumiwa hana mdomo.

"Ni mimi," nikasema.

Wakacheka zaidi. "Skola na utani wake!"

"Ni mimi. Mguu hauna kasoro."

"Haya, mchekeshaji!"

Hiyo ndiyo gharama ya kazi yangu ya pili, ile ya kuchekesha darasa. Siku unayosema kweli, watu wanashika mbavu. Nilikwenda mbele ya Mwalimu, nikasimama kama paredi.

"Mwalimu, niliulenga kwenye karabai. Nilichagua njia ya mkato ili niwahi ubwabwa. Sikuchungulia, nikabonyeza enta."

Alinitazama usoni, akitafuta tabasamu. Halikuwepo.

"Zima," akasema. "Anza upya. Nyota mbili. Na wote tuone unavyofanya."

Nilizima. Niliweka chupa ya soda, nikasubiri povu. Nyota ya kwanza nilichukua Altair, juu kabisa kaskazini. Nilichungulia, Mwalimu akachungulia, enta. Ya pili nikageuka kusini mashariki, mbali na ziwa. Ilikuwa pale, peke yake, haina jirani.

"Hiyo inaitwaje?" Mama Kandida akauliza.

"Kinywa cha samaki, mama."

"Hiyo nayo haina mtu?"

"Chungulia kwanza wewe."

Akachungulia. "Haina mtu," akatangaza, na uwanja ukapumua. Nikabonyeza.

Zohali. Zzzz. Mguu ukaenda mahali pengine kabisa, ukatulia. Sikuangalia mimi, nilimpisha mama. Alikaa muda. Mwaka ule pete ilikuwa imelala ubavu, nyembamba sana.

"Kijishanga," akasema polepole. "Kimechomwa sindano katikati."

Wakapita wote, na wa mwisho alikuwa anaiona palepale alipoiona wa kwanza. Mzee Nombo alikuja baada ya kila mtu. Alivua koti kama siku ile dukani. Aliangalia mpaka tukadhani amesinzia.

"Mwalimu," akasema, jicho bado kwenye lenzi, "Jumatatu nitapita mwenyewe kwa Abdalla."

Mwalimu akaanza kufungua boksi la mguu.

"Nikamwambie asiusubiri."

Jiko linavuja mpaka leo, mnalijua. Mwaka huu kahawa ya shule ni ya kuliezeka, Mzee Nombo ameahidi.

Asubuhi mitumbwi iliingia. Tulikuwa tunapakia pikapu, nikamwona Baba Kandida akipanda ufuko na kofia yake ya kijani, amejikunja tumbo. Akina mama wote walikuwa wamesimama kumpokea, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Pole na kazi, baba Kandida," mkewe akasema. "Umekula?"

"Tangu jana sijatia kitu mdomoni."

Kicheko kile kilisikika Malawi.

Basi. Rimoti nakabidhi. Nyuma yake mtakuta karatasi iliyogundishwa, mwandiko wa Mwalimu Hyera: *Chungulia kabla ya kubonyeza.* Chini yake, kwa kalamu nyekundu, kuna mstari wangu. Mwalimu ameuona, na hajaufuta:

*Ikila, siyo nyota.*